Makaburi ya Pyesi Nyuma ya Magazini

Mwaka nilioingia kazini njo ule mwaka tulikula mikebuka bila chumvi. Ziwa lilitoa samaki mpaka watoto wakachoka nayo: asubuhi mikebuka, saa sita mikebuka, mangaribi mikebuka na bukari, ugali wa muhogo. Lakini chumvi ya Uvinza haikuvuka kutoka Kigoma karibu miezi mine. Muntu akitaka kukualika kwake alikuwa anakuambia kwanza, kwetu kuna chumvi kidogo, na wewe unavaa nguo ya kanisa. Mukitaka kujua ulikuwa mwaka gani kwa hesabu, muulize wenye walisoma. Mimi nilisoma mpaka la tatu kwa masista, kisha nikaolewa. Miaka naijua kwa sahani.

Ninyi wenye mumebaki kwenye kontwari, ile meza ya kuuzia, mumeniomba niwaandikie namna kazi ya pyesi, vyuma vya kubadilisha kwenye gari, ilivyokuwa. Naandika. Mujukuu wangu anasaidia pale vidole vinauma, na nimemukataza kunyoosha maneno yangu.

Wakati ule nilikuwa nauza bukari na samaki mbele ya mulango wa ajansi ya Mbogo, duka na garaji ya kamyo, magari ya muzigo, kati ya bandari na gare ya treni. Mbogo halikuwa jina la kweli la kamyo ile. Jina la kweli lilikuwa la Ulaya, la chuma, limepigwa misumari mbele, na Kalemie hakuna muntu aliyepoteza mate kulitaja. Sisi tuliona uso wake: kipaji kipana, taa mbili zimekaa mbali-mbali kama macho ya mbogo, na ile namna ya kusukuma mbele kama imetukanwa. Ilibeba simenti ya Kabimba, mahindi ya Nyunzu, vitunguu vya mulimani Moba. Siku zile muntu akisema anataka kununua kamyo, hakuna aliyemuuliza kamyo gani. Ilikuwa kama kuuliza unataka maji gani, na ziwa liko mbele yako.

Magazini, ghala la pyesi la ajansi, ilikuwa mukononi mwa Papa Kalenga. Alikuwa Muluba wa Kongolo, mufupi, koti ya buluu yenye mifuko mine, sauti ndogo. Alikuwa anakula kwangu kila siku, na kila siku aliangalia mikono yangu namna inachagua samaki. Sikuwa na mizani. Muntu alitaja bei, mimi nilishika samaki, basi. Siku moja akachukua mikebuka mbili kwenye beseni yangu, akanipa moja kila mukono.

"Mama Feza, ipi nzito?"

"Ya kushoto. Na hii ya kulia ni ya jana, Papa, uirudishe pembeni, hiyo ni ya kwangu na watoto."

"Ya jana umeijuaje na haujaiangalia?"

"Mukono umesema."

Akakula, akanawa, akapanguza ndevu. Kisha akasema, "Kesho sufuria hizi uzipe dada yako. Wewe kuja magazini."

Siku ya kwanza alivua kitambaa changu cha kichwa, akanifunga nacho macho. Nilifikiri muzee huyu amekosa adabu, na nilikuwa tayari kumupiga. Akaniwekea chuma mukononi. "Hii ni rulma, njo inayozungusha gurudumu. Izungushe. Unasikia nini?" Nikasema inateleza kama kokwa la mawese kwenye mafuta. Akaniwekea ingine. Nikasema hii inasaga. "Iko na mchanga ndani. Hiyo imekufa." Tulikaa hivyo tangu saa mbili mpaka saa sita. Mekanisia mmoja, fundi wa garaji, akapita, akasema kwa nguvu ili nisikie, "Papa Kalenga ametuletea muke wa samaki, sasa pyesi zetu zitanuka." Nikamujibu na macho yangu yamefungwa: "Zitanuka, lakini hautapewa ya jana." Garaji nzima ikacheka, na tangu siku ile aliniita Mama.

Kitabu cha namba kilikuwepo, kinene, Kifaransa chote. Papa Kalenga alikuwa anakijua. Mimi nilijifunza namba zake pole pole, mwaka mmoja na nusu, lakini kitabu changu cha kweli kilikuwa mikono, pua, na pete yangu ya ndoa. Chuma ukikigonga na pete kinasema. Chuma kizuri kinaimba kidogo kisha kinanyamaza. Kile kimepasuka ndani kinajibu kama chungu cha maharagwe. Papa Kalenga alikuwa hana pete, alikuwa anatumia funguo, lakini alikubali mbele ya wote kwamba pete ni bora. Muzee wa namna ile ni wachache: alijua kazi kuliko sisi wote, na bado alifurahi kukuona unamupita.

Sheria yake ilikuwa moja. Haupewi pyesi mupya mpaka ile ya zamani iwe juu ya kontwari. Yeye aliichukua, akaigeuza, akaigonga, akanusa mafuta yake, njo akaingia nyuma kutafuta ndugu yake, ile mupya yenye kufanana nayo. Ile ya zamani haikurudi na mwenyewe, ilienda kwenye rundo nyuma ya magazini. Tuliliita makaburi. Lilikuwa refu kuliko mimi.

Watu waliona takataka pale. Mimi niliona dunia nzima. Filtre za hewa za Kabimba zilikuja nyeupe kama unga wa muhogo, kwa sababu ya ile vumbi ya simenti. Rulma za njia ya Manono zilikuwa zimekulwa na mchanga. Za Kongolo zilikuja na matope mekundu mpaka ndani kabisa. Mimi maisha yangu yote sijafika Manono, lakini shoferi akiniambia barabara imetengenezwa, nilimuonyesha resori yake, springi ya gari, imevunjika katikati na kumuuliza, "Hii nayo ilivunjikia kitandani?"

Sasa ile siku ya mukubwa. Papa Kalenga alikuwa nyuma anahesabu, mimi mbele peke yangu, mwezi wangu wa nane kazini. Akaingia mukubwa mmoja wa serikali, abakosi ya kijani, ile koti ya serikali isiyo na tai, na shoferi wake nyuma. Akasema kamyo ya serikali imekufa pampu ya maji, anataka ingine, sasa.

Nikasema, "Ndiyo, Papa. Ile ya zamani iko wapi?"

"Citoyenne," akasema, maana serikali ilituita wananchi hivyo siku zile, "nimesema pampu. Sikukuja kuulizwa."

"Papa, Mbogo iko ya namna mbili, ya zamani na ya mupya, na pampu zinafanana kama mapacha. Nikikosea, kamyo itakufia njia ya Nyunzu na utanitukana."

Akapiga kontwari na mukono. Akaniuliza kama ninajua yeye ni nani. Nikasema ninajua, picha yake nimeiona kwenye ukuta wa biro ya posta. Akasema toa. Nikaweka mikono yote miwili juu ya kontwari. Nikasema:

"Kitu chenye mukono wangu haujajua, hakitoki hapa."

Nyuma nilisikia Papa Kalenga ameacha kuhesabu. Hakuja. Hilo nalo njo fundisho: hakuja. Mukubwa akatoka na mulango ukalia. Saa mbili zikapita, akarudi yeye mwenyewe, pampu imefungwa katika gazeti, na shoferi hayuko tena nyuma yake. Akaiweka mbele yangu. Nikaishika, nikaizungusha, nikaigonga na pete. Iliimba. Nikamuambia, "Papa, hii ni nzima. Kamyo yako haina ugonjwa. Uliza shoferi ile ya mupya alitaka kumupelekea nani." Akafunga pampu tena katika gazeti. Kisha akauliza jina langu, na tangu siku ile kamyo zote za biro yake zilikuja kwangu, na barua inasema kwa Mama Feza mwenyewe.

Papa Kalenga alipumuzika kazi mwaka tulipokula sombe, majani ya muhogo, bila mafuta, kwa sababu mawese yote yalinunuliwa na watu wa Lubumbashi. Nilimusindikiza gare, anarudi Kongolo. Tulikaa juu ya sanduku lake, treni ilikuwa imechelewa kama kawaida, na hapo njo akaniambia kitu alichokaa nacho miaka yote.

"Mama Feza, haujaniuliza sheria ile ilitoka wapi."

"Nilifikiri ni ya wazungu."

"Wazungu hawana sheria ile. Ni yangu. Kabla yako, shoferi wa Moba alikuja mbio, anataka silinda ya freni, ya kusimamisha gari, na ile ya zamani ameiacha kwenye kamyo. Nilikuwa namujua, tulikuwa tunaimba pamoja kanisani. Nikamupa. Ilikuwa ya Mbogo ya mupya na yake ilikuwa ya zamani. Inaingia, Mama. Inakaa vizuri kabisa. Freni ikipata moto njo mafuta yanatoka." Akatoa mufukoni kipimo chake cha chuma, kile cha kupimia upana wa pyesi. "Kuteremuka mulima wa Moba, unajua freni inapata moto. Juu ya mizigo kulikuwa na watu."

Sikumuuliza walikufa wangapi. Hakunitajia. Treni ikaja, akanipa kile kipimo chake cha chuma chenye meno mawili, akapanda. Kipimo kile kiko kwenye droo ya kushoto ya kontwari yenu, na muntu akikitumia tena kufungua chupa nitarudi kazini kwa ajili yake peke yake.

Nikabaki na funguo. Miaka kadhaa Mbogo ilikuwa mufalme na mimi nilikuwa mulango wake. Nasema bila haya.

Kisha ukaja mwaka wa unga ya njano, yale mahindi ya Amerika yaliyofanya bukari kuonekana kama imepikwa na yai. Mwaka ule nikaona makaburi hayapandi. Kwa kawaida nilikuwa naita watu wa kuchukua chuma kila miezi mitatu. Sasa miezi sita ilipita na rundo linanifika kifuani tu. Nikachambua. Za Kongolo ziko. Za Manono ziko kidogo. Filtre nyeupe za Kabimba, hakuna hata moja. Gari hazijaacha kuumwa, hiyo haiwezekani na barabara zetu. Basi zinatibiwa kwengine.

Nikashuka bandarini saa ya chakula. Boti ya Kigoma ilikuwa inateremusha muzigo, na kati ya magunia kulikuwa na kigari kimefungwa na kamba, cheupe, chepesi, nyuma wazi. Watu sita walikisukuma kwenye mbao kwa mikono. Mbogo hauwezi kuisukuma na watu sita, hata ishirini. Mubeba muzigo mmoja akasema, "Angalia, imeruka kama swala." Jina likabaki hapo hapo.

Na muntu aliyekuwa anaamuru pale, kanga imefungwa kiunoni, sauti inapita boti, alikuwa Mama Apendeki. Alitoka kaskazini, upande wa Fizi, Mubembe, mukristo wa kusali kila asubuhi kwa sauti ya kuamsha jirani. Alianza na ndagala, akapita kwenye chumvi, kutoka chumvi akaingia kwenye pyesi za Swala. Nilimujua tayari. Karibu mwaka mzima alikuwa anakuja kwenye kontwari yangu kila wiki kununua buluni moja, parafujo ya nati, na kukaa. Nilifikiri anapenda kivuli.

Lubumbashi nao, wakubwa wa ajansi, waliona kitu kimepunguka. Wakatuma Citoyen mmoja na mukoba, kijana mwenye adabu, aje kuchunguza soko. Aliongea siku mbili na shefu wa ajansi yetu katika biro, wakaangalia makaratasi. Siku ya tatu akaja kwangu kuaga, nikamuambia, "Papa, karatasi zako umemaliza. Sasa kuja uone zangu." Nikamupeleka makaburini. Nikamuonyesha nani anakuja na nani haji tena. Akauliza kwa nini.

"Mbogo inakunywa mafuta sana, na mazuti ni ya kutafuta. Pyesi yake inangoja treni, na treni inangoja Mungu. Swala ikivunjika, pyesi inavuka ziwa siku moja. Na Swala, muntu yeyote mwenye ufunguo wa buluni wa namba kumi na mbili anaifungua. Mbogo lazima fundi."

"Mbogo ina nini, basi, Mama?"

"Haikufi. Lakini muntu mwenye nyanya ndani ya gari haulizi kama gari itaishi miaka makumi mbili. Anauliza kama nyanya zitafika leo."

Aliandika yote, hata ile ya nyanya. Akasema hajawahi kusikia ripoti kama hiyo. Miezi mine baadaye Lubumbashi ikatujibu: walituletea kalenda. Katoni kumi za kalenda, picha ya Mbogo inapanda mulima wenye barafu. Zilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Kalemie nzima ilizitundika. Hata wenye Swala.

Na sasa niandike kosa langu, kwa sababu mukisikia ya mukubwa wa abakosi tu mutafikiri nilikuwa sikosei. Papa Mulongo wa Kabimba alikuwa mukiliya wetu wa kwanza, mununuzi mwenye Mbogo tatu, zote za simenti. Mwanaume mukubwa, mupole, anacheka na mabega. Akaja siku moja bila gari, imemufia Kabimba, anataka resori. Ile ya zamani ameiacha kule. Nikamuambia arudi aichukue. Akasema, "Mama Feza, toka Kabimba nimepanda baiskeli ya watu. Resori ni nzito kama ng'ombe. Unanijua miaka ngapi?" Nikamuambia sheria ni sheria. Hakukasirika. Aliniaga vizuri. Akashuka bandarini kutafuta mutumbwi wa kumurudisha, na pale bandarini akaona Swala mbili mupya. Wiki ile ile alikuwa na moja. Kisha mbili. Mbogo mbili akauza.

Shefu aliniita. "Mama Feza, sheria yako imetufukuzia Mulongo." Nikasema, "Ni kweli."

Nikaenda kwa Mama Apendeki. Sikuenda kugombana, nilienda kuona. Duka lake lilikuwa chumba kimoja, pyesi zimelala katika magunia ya unga. Alikuwa kwenye kiti, na kiunoni, ndani ya fundo la kanga, amefunga chuma cheusi.

"Karibu, mwalimu wangu," akaniambia.

"Mwalimu wa nini? Wewe umenichukulia Mulongo."

"Mulongo alinichukua yeye mwenyewe. Kaa." Akafungua lile fundo, akaniwekea mbele pampu ya mafuta, imekufa. "Mwaka muzima nilinunua buluni kwako. Ulifikiri ninakula buluni? Nilikuwa naangalia namna unafanya. Mimi Kifaransa sijui, Kingereza cha kule Kigoma sijui. Ninachukua ile ya zamani, ninaifunga hapa, ninavuka, ninaingia kila duka, ninaiweka mezani na kusema: ndugu yake yuko wapi. Ninashika yao, ninashika yangu. Kama hazilingani, ninatoka. Wewe njo ulinifundisha."

Nikachukua ile pampu, nikaigonga na pete yangu.

"Lakini," akasema, na kidole juu, "wewe unakaa, ile ya zamani inakufuata. Mimi, muntu akiiacha Kabimba, ninaenda Kabimba. Mukiliya hana kosa kwamba chuma ni kizito."

Nilirudi nimekasirika mpaka gare, na kutoka gare mpaka nyumbani nilikuwa ninacheka. Yeye alikuwa ameshika sheria ya Papa Kalenga na kuiwekea miguu. Kesho yake nikaomba shefu baiskeli ya ajansi. Tangu siku ile, muntu akisema ya zamani iko mbali, nilipanda nyuma ya baiskeli, ao kwenye kamyo ya mahindi, ao mutumbwini, nikaenda kuishika pale ilipo. Nilikuwa muke wa miaka tayari, na kanga yangu ilichafuka na mafuta mpaka Nyunzu. Papa Mulongo alituletea tena Mbogo yake ya mwisho. Wengine walirudi kumi, kumi na tano. Haikutosha. Boti ni boti na treni ni treni.

Sasa mwisho wa ajansi. Shefu wetu hakuwa muntu mubaya, muandike hilo vichwani. Lubumbashi ilimuandikia: miezi mitatu bila kuuza, mulango unafungwa. Tulikuwa wafanyakazi kumi na wane. Akazunguka, akapata mufanyabiashara mupitaji mwenye silinda za freni za bei ndogo, zenye zinafanana na za Mbogo. Akaziingiza katika katoni zetu, zile zenye jina la chuma juu. Akaniambia, "Mama, hizi hazingoji treni. Tunazitoa kwa bei ya bandarini. Watu watarudi." Na macho yake hayakukaa kwenye macho yangu.

Asubuhi ile ile akaja Papa Mulongo. Mbogo yake ya mwisho ilikuwa imechukuliwa na kwaya ya parokia, kwenda sikukuu Moba. Siku ile ile, saa ya mchana, wanapakia. Silinda ya freni inavuja. Alikuwa amejifunza: ya zamani ilikuwa mukononi mwake, imepanguzwa. Wanakwaya watatu walikuwa wamesimama mulangoni na nguo zao nyeupe. Shefu mwenyewe akachukua katoni moja, akaiweka mbele yangu.

Nikatoa ile ya mupya. Kwa jicho, mapacha. Nikaweka moja kila mukono. Ya kushoto, ile ya zamani, ilikuwa nzito zaidi. Mupira wa ile mupya ulinuka kama kandambili ya soko. Nikaweka kipimo cha Papa Kalenga: inaingia, inakaa vizuri kabisa. Nikaigonga na pete. Ilijibu kama chungu cha maharagwe.

"Mama Feza," shefu akasema pole pole, Kifaransa chake chote kimemutoka, "kama hii haitoki leo, ajansi imekufa. Watu kumi na wane. Toa pyesi, ao toa funguo."

Niliangalia mekanisia garajini. Yule aliyesema nitanukisha pyesi alikuwa amesimama, kitambaa mukononi, na watoto sita nyumbani.

Nitawaambia kwanza kilichofuata, kisha nimalize. Kwaya ilienda na boti, ikatapika sana, ikafika, ikaimba. Mbogo ya Papa Mulongo ilikaa juu ya mawe wiki tano mpaka silinda ya kweli ilipokuja na treni, na mpaka leo inabeba simenti, mutaisikia ikiingia muji kabla hamujaiona. Ajansi ilifungwa kabla ya mahindi mapya. Kati ya wale kumi na wane kuna wenye hawakunisalimia muda murefu, na sikuwalaumu. Na mimi, siku ya tatu Mama Apendeki alikuja kunichukua nyumbani, akasimama mulangoni na kusema, "Mwalimu, mukono wako umelala siku mbili, inatosha." Nikakaa kwenye kontwari yake mpaka juzi, na yule mekanisia alikuja nyuma yangu, na wawili wengine. Swala ni gari nzuri. Niliicheka miaka, kisha niliiheshimu, na sasa naona makaburi yake nayo yanaanza kupunguka. Mushuke bandarini muangalie kinachoteremushwa.

Lakini maneno ya siku ile, sokoni wanayaeleza vibaya. Wanasema nilimutukana shefu, wengine wanasema nililia. Sikumutukana na sikulia. Nilirudisha silinda ndani ya katoni, nikaifunga, nikaweka funguo juu yake, nikasukuma vyote viwili mpaka upande wake wa kontwari. Papa Mulongo alikuwa anasikia, wale watatu wa nguo nyeupe walikuwa wanasikia. Nikamuambia shefu:

"Kitu chenye mukono wangu haujajua, hakitoki hapa."